Ankara ya Bandari: Hatua za Kuisoma, Kuihakiki na Kuipinga kwa Mwenye Mzigo Dar es Salaam

Wenye mizigo wengi wanaopitishia bidhaa zao bandari ya Dar es Salaam hulipa ankara jinsi ilivyokuja. Hawafanyi hivyo kwa uzembe. Saa inakimbia, lori limeshakodiwa, na wakala wa forodha anasema kwamba ukichelewa mpaka kesho utalipa zaidi. Katika haraka hiyo mtu husahau kwamba mamlaka ya bandari, kwa ukubwa wake wote, ni chombo kilichoundwa na sheria, na kwamba chombo cha namna hiyo hakiwezi kumtoza mtu shilingi ambayo sheria haikukiruhusu kumtoza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwagizaji wa kawaida, yaani mwenye kontena moja, gari moja au marobota machache, ambaye hana idara ya sheria nyuma yake. Kanuni ninayomwomba ashike tangu mwanzo ni hii: kila mstari wa ankara ya bandari husimama kwa miguu mitatu. Wa kwanza ni sheria inayotoa uwezo wa kutoza, wa pili ni kiwango kilichotangazwa katika kitabu cha tozo, na wa tatu ni tendo lenyewe, yaani huduma iliyotolewa kweli au siku zilizopita kweli. Mstari unaokosa mguu mmoja una kila sababu ya kuhojiwa.

Hatua ya kwanza: Tenganisha wanaokudai

Kabla ya kuuliza kama deni ni sahihi, jua ni la nani. Mzigo mmoja unaweza kudaiwa na watu sita, na kila mmoja ana sheria yake, kaunta yake na njia yake ya kulalamikiwa.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, yaani TPA, hudai tozo za bandari. Mwendeshaji wa kituo cha makontena anaweza kuwa kampuni binafsi iliyopewa mkataba na TPA. Kampuni ya TICTS iliendesha kituo cha makontena tangu mwaka 2000 hadi mwisho wa 2022. Oktoba 2023 ulisainiwa mkataba na DP World kuhusu sehemu nyingine ya magati, na mwaka 2024 kikaja kizazi kipya cha waendeshaji katika kituo cha makontena namba mbili. Bandari kavu, ambako kontena huhamishiwa gati linapojaa, hudai tozo zake za kuhifadhi na kunyanyua. Kampuni ya meli au wakala wake hudai gharama za hati na, ukichelewa kurudisha kontena tupu, hudai fidia ya ucheleweshaji ambayo mawakala wengi huiita demereji. Mamlaka ya Mapato, TRA, hudai ushuru wa forodha na kodi. Wa sita ni wakala wako mwenyewe, ambaye hudai ujira wake.

Nimeona watu wakipeleka malalamiko ya demereji kwenye ofisi ya bandari, wakasubiri wiki mbili, kisha wakaambiwa kwamba deni hilo halihusiani na bandari hata kidogo. Wiki mbili hizo zilikwisha kuongeza deni. Kwa hiyo chukua karatasi, chora safu sita, na kila hati ya malipo unayopewa iweke kwenye safu yake. Hati isiyoingia safu yoyote, ambayo haina jina la mdai wala namba ya ankara, usiilipe mpaka mdai wake ajulikane.

Hatua ya pili: Jua uwezo wa mamlaka unaanzia wapi na unaishia wapi

TPA iliundwa kwa Sheria ya Bandari Na. 17 ya mwaka 2004, na ilianza kazi tarehe 15 Aprili 2005 ikichukua nafasi ya mamlaka ya bandari iliyokuwepo tangu 1977. Inasimamia bandari za bahari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara pamoja na bandari ndogo za mwambao kama Kilwa, Lindi na Mafia, na bandari za maziwa kama Mwanza, Kigoma na Itungi. Zanzibar ina Shirika lake la Bandari na sheria yake, kwa hiyo yanayoelezwa hapa hayahamii bandari ya Malindi, Unguja, bila kuangaliwa upya.

Sheria huipa mamlaka nyadhifa mbili ambazo mwenye mzigo anapaswa kuzitofautisha. Katika wadhifa wa kwanza mamlaka ni mfanyabiashara: inapakua shehena, inahifadhi ghalani, inakodisha winchi na kupima uzito. Katika wadhifa wa pili mamlaka ni mtawala wa eneo: inaongoza mwendo wa meli, inaamua nani aingie gatini na lini, inaweka maboya na taa za kuongozea meli, inaondoa mabaki ya meli iliyozama, na inatunga kanuni za usalama ndani ya mipaka ya bandari. Kutokana na wadhifa wa kwanza, mamlaka hudai malipo ya huduma, na hapo swali la haki ni je, huduma ilitolewa? Kutokana na wadhifa wa pili, mamlaka hutoa amri, na swali hugeuka kuwa je, amri hiyo iko ndani ya sheria, na aliyeitoa anayo madaraka ya kuitoa?

Tofauti hii ina faida ya moja kwa moja mfukoni. Tozo za utawala wa meli, kama vile urubani, boti za kuvuta meli, kufunga na kufungua kamba, na tozo ya kuingia bandarini inayohesabiwa kwa ukubwa wa meli, humhusu mwenye meli. Wewe ulikwisha kuzichangia ndani ya nauli ya mzigo. Ukiona mojawapo imejitokeza tena kwenye ankara yako kama mstari wa peke yake, simama hapo na uulize.

Mamlaka pia haijipangii bei ovyo. Viwango vyake viko chini ya uangalizi wa mdhibiti. Zamani mdhibiti alikuwa SUMATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini. Baada ya Sheria ya Uwakala wa Meli Na. 14 ya 2017 kazi hiyo kwa upande wa bandari na meli ilikwenda kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanza kazi Februari 2018. TASAC ina sura mbili pia. Inadhibiti, na papo hapo sheria imeipa haki ya peke yake ya kugomboa baadhi ya mizigo, kama vile silaha na vilipuzi, madini, makinikia (yaani mchanga wa madini), nyara za Serikali, wanyama hai na kemikali za migodini. Ikiwa mzigo wako uko katika kundi hilo, usihangaike kutafuta wakala binafsi.

Hatua ya tatu: Pata kitabu cha tozo na ujifunze kipimo chake

Kitabu cha tozo za bandari ni hati ya umma. Omba toleo linalotumika sasa kutoka TPA au kwa mwendeshaji wa kituo ambako kontena lako lipo, na hakikisha tarehe ya kuanza kutumika imeandikwa. Usikubali nakala iliyopigwa picha ukurasa mmoja tu, kwa sababu ufafanuzi wa maneno huwa mwanzoni mwa kitabu, na ufafanuzi ndio unaobeba fedha.

Chukua neno tani. Katika kitabu cha bandari tani si kilo 1,000 tu. Tani ya bandari ni kilo 1,000 au mita moja ya ujazo, chochote kitakachokuwa kikubwa. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200 halihesabiwi kama tani 1.2. Lipime: urefu wa mita 4.2 mara upana wa mita 1.7 mara kimo cha mita 1.5 unapata mita za ujazo 10.71, na kwa kila tozo inayokwenda kwa tani ya bandari gari hilo ni tani 10.71. Mtu asiyejua hili huona ankara akadhani ameibiwa mara tisa, kumbe kipimo ni sahihi. Lakini kujua hili kunamfunulia pia mahali kosa halisi linapoweza kujificha, yaani vipimo vya gari vilivyoandikwa kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli. Kimo cha mita 1.5 kikiandikwa 1.9 kwa makosa, ujazo unafika mita 13.57 na tozo zote za ujazo zinapanda nazo. Nenda na futikamba. Nasema hivi bila utani wowote. Futikamba ya shilingi elfu chache imewaokoa watu fedha nyingi kuliko barua ndefu.

Tozo nyingine hupimwa kwa thamani. Tozo ya kupitisha mzigo gatini, ambayo mawakala huiita wofeji, kwa miaka mingi iliwekwa kwenye kitabu kuwa asilimia 1.6 ya thamani ya CIF kwa mzigo unaoingia kutumika nchini, na kiwango cha chini zaidi kwa mzigo unaopita kwenda nchi jirani. CIF maana yake ni bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli. Kwa kiwango hicho mzigo wenye thamani ya dola 10,000 unatoa dola 160, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake ni dola 28.80. Linganisha kiwango hiki na toleo unalolishika mkononi, kwa sababu viwango hubadilishwa. Kisha uliza swali ambalo wachache hulikumbuka: thamani iliyotumika ni ipi? Forodha ikipandisha thamani ya bidhaa zako katika tathmini, tozo ya bandari inayofuata thamani inaweza kupanda pamoja nayo, na ukishinda baadaye pingamizi la forodha, unapaswa kukumbuka kudai pia tofauti ya tozo ya bandari. Hakuna atakayekukumbusha.

Hatua ya nne: Linda saa zako tatu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Saa ya kwanza ni ya bandari. Kila mzigo hupewa siku za bure za kuhifadhiwa. Kwa kawaida iliyozoeleka Dar es Salaam ni siku 5 kwa kontena la ndani, na muda mrefu zaidi kwa mzigo wa kupita, ambao kwa miaka mingi ulikuwa siku 15, kwa kuwa mtu wa Lubumbashi au Ndola hawezi kukimbia kama mtu wa Kariakoo. Siku hizo zikiisha, tozo ya uhifadhi huanza kwa kiwango kimoja, kisha hupanda kadiri siku zinavyoongezeka. Imetungwa hivyo makusudi, ili gati lisigeuzwe ghala.

Saa ya pili ni ya kampuni ya meli, inayohesabu siku za kutumia kontena lake. Hii haisimami mzigo ukitoka bandarini. Inasimama kontena tupu likirudishwa mahali palipoelekezwa na likapokelewa kwa hati.

Saa ya tatu ni ya forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 humtaka mwenye mzigo kuwasilisha tamko lake ndani ya siku 21 tangu meli ilipoanza kushusha. Usipofanya hivyo, mzigo wako unaweza kuhamishiwa kwenye ghala la forodha, na hapo unakuwa umeingia kwenye mlolongo unaoishia mnadani.

Saa hizi hazianzi pamoja wala haziishi pamoja. Kosa linalotokea sana ni kudhani kwamba siku za bure za kampuni ya meli, ambazo pengine ulizipigania kwa barua pepe mpaka ukapewa 14, zinakulinda pia bandarini. Hazikulindi.

Kuhusu saa ya bandari, tafuta kwenye kitabu sentensi inayosema siku ya kwanza huhesabiwa tangu lini: meli ilipotia nanga nje, ilipofunga gatini, kontena lilipogusa ardhi, au meli ilipomaliza kushusha. Tuseme kitabu kinasema hesabu huanza siku inayofuata baada ya meli kumaliza kushusha, na meli imemaliza Jumatano tarehe 4. Siku tano ni Alhamisi tarehe 5 hadi Jumatatu tarehe 9, endapo Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, na siku ya kwanza ya kulipia ni Jumanne tarehe 10. Andika tarehe hiyo mahali utakapoiona kila asubuhi.

Usisubiri meli ifike ndipo uanze. Hati ya shehena, ankara ya muuzaji na orodha ya vifurushi vikiwa tayari, wakala anaweza kuanza tamko la forodha mapema, na mzigo uliokwisha kulipiwa kodi kabla ya kushuka hutumia siku za bure kwa kutoka, badala ya kuzitumia kwa kutafuta karatasi.

Hatua ya tano: Soma ankara mstari kwa mstari

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na mama mmoja mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa na kontena la futi 20. Ankara aliyopewa, ambayo sitataja ilitoka kwa nani, ilikuwa na mistari saba. Tulianza na vitu visivyo vya fedha: namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba, tukailinganisha na hati ya shehena. Ilikuwa sawa. Jina la meli na namba ya safari, sawa. Ukubwa wa kontena, sawa. Ndipo tukafika kwenye tozo ya uhifadhi, siku tisa. Mama alikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya pochi, ambayo wakala wa meli alikuwa amemwandikia kwa mkono tarehe meli ilipomaliza kushusha. Hesabu ya ankara ilikuwa imeanzia tarehe meli ilipofika nje na kutia nanga, ikisubiri nafasi. Siku nne za kungoja zilikuwa zimehesabiwa kama siku za mzigo kukaa ghalani, na hali mzigo ulikuwa bado baharini. Sheria ilikuwepo, kiwango kilikuwepo, ila tendo halikuwepo. Siku nne zilifutwa siku ileile, kwa sababu ya karatasi ile ya pochi.

Nawe fanya hivyo. Baada ya kuhakiki utambulisho wa mzigo, uliza kwa kila mstari: jina la tozo hii liko kwenye kitabu, neno kwa neno? Mistari yenye majina ya jumla kama "huduma nyingine" au "gharama za uendeshaji" idaiwe ufafanuzi. Kiwango ni cha toleo gani? Kipimo ni tani ya bandari, kontena, siku au thamani? Huduma hiyo ilitolewa tarehe ngapi, na kwa maombi ya nani? Ankara ikionyesha kontena lilifunguliwa kwa ukaguzi, lazima pawe na rekodi ya ukaguzi, na lakiri mpya, yaani kifungio cha mlango wa kontena, yenye namba tofauti na ile ya kwanza. Ikiwa lakiri ni ileile iliyotoka nayo ng'ambo, kontena halikufunguliwa.

Angalia pia kuhamishwa. Ikiwa bandari yenyewe ndiyo iliyohamisha kontena kwenda bandari kavu kwa sababu uwanja umejaa, soma kitabu kinasema nani anabeba gharama ya uhamisho huo, na kama siku za bure huendelea kuhesabiwa barabarani. Mara nyingi tozo moja huonekana kwenye ankara mbili, ya bandari na ya bandari kavu, kila moja ikijiona ndiyo yenye haki.

Hatua ya sita: Lipa kwa njia inayoacha alama

Malipo kwa taasisi za umma hufanyika kwa kumbukumbu namba ya Serikali, yenye tarakimu 12 na inayoanza na 99, kupitia benki au simu. Kabla ya kuthibitisha, jina la taasisi litatokea kwenye skrini, lisome. Fedha taslimu mkononi mwa mtu, hata akiwa amevaa kitambulisho, si malipo ya bandari. Ukimpa wakala fedha alipe kwa niaba yako, mtake akutumie kumbukumbu namba yenyewe ili ulipe wewe, kisha umlipe yeye ujira wake peke yake. Wakala mwaminifu hachukii jambo hili.

Hatua ya saba: Pinga bila kuiacha saa ikimbie

Ukiona kosa, una njia mbili, na uchaguzi kati yake ni wa hesabu tu. Ikiwa ofisi inaweza kurekebisha ankara leo au kesho, omba irekebishwe kabla ya kulipa. Ikiwa haiwezi, na kila siku inaongeza tozo ya uhifadhi na demereji, lipa, toa mzigo, kisha dai urejeshewe, lakini wasilisha barua ya pingamizi kabla ya malipo au siku ileile ya malipo. Ukilipa kimya na kulalamika baada ya miezi mitatu, utaambiwa ulikubali.

Barua haihitaji maneno makubwa. Inaweza kusomeka hivi: "Tunalipa ankara namba fulani ya tarehe fulani kwa ajili ya kuondoa mzigo tu, na bila kukubali usahihi wa mstari wa tano unaohusu tozo ya uhifadhi ya siku tisa. Meli ilimaliza kushusha tarehe fulani, kama hati iliyoambatishwa inavyoonyesha, hivyo siku zinazostahili kulipiwa ni tano. Tunaomba turejeshewe tofauti." Taja kifungu cha kitabu cha tozo, ambatisha ushahidi, peleka nakala mbili, na moja irudi kwako ikiwa na muhuri wa mapokezi na tarehe. Nakala yenye muhuri ndiyo barua yenyewe. Ile uliyoiacha kwenye kaunta bila muhuri, mbele ya sheria ni kama hukuiandika.

Usipojibiwa, au jibu lisiporidhisha, peleka suala kwa TASAC kama mdhibiti, ukiambatisha mawasiliano yote. Kumbuka kwamba uamuzi wa forodha una njia yake nyingine: pingamizi huenda kwa Kamishna wa Forodha ndani ya siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi, naye anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Usichanganye barua hizi mbili katika bahasha moja.

Kuhusu msamaha wa tozo ya uhifadhi, hilo ni ombi, na ombi si haki. Katika barua ya pingamizi unasema tozo haikustahili. Katika ombi la msamaha unakiri kwamba inastahili, ila unaeleza kilichokukwamisha, kama vile mfumo wa forodha kusimama au kibali cha taasisi nyingine kuchelewa. Ambatisha uthibitisho wa tarehe. Usiandike yote mawili kuhusu siku zilezile, kwa sababu la pili linalibomoa la kwanza.

Hatua ya nane: Mzigo ukishikiliwa

Mamlaka ya bandari ina haki ya kushikilia mzigo mpaka tozo zake zilipwe, na sheria huipa hata uwezo wa kuuuza. Uwezo huu ni mzito, na ndiyo maana umezungushiwa masharti ya muda na ya taarifa. Kwa mzigo ulioingia ghala la forodha, sheria ya Afrika Mashariki inasema usipoondolewa ndani ya siku 30, Kamishna atatoa tangazo, na zikipita siku nyingine 30 tangu tangazo hilo mzigo huhesabiwa umetelekezwa na unaweza kupigwa mnada. Kwa hiyo soma matangazo ya mnada magazetini na kwenye tovuti ya TRA ukijua una mzigo uliokwama, na ukiona namba ya kontena lako, nenda siku hiyohiyo. Mpaka nyundo igonge, mlango wa kulipa na kuchukua bado unaweza kuwa wazi.

Mnada ukishafanyika, fedha hazigawanywi kiholela. Kwanza hutolewa ushuru na kodi, kisha gharama za kuhamisha na kuuza, kisha tozo za ghala la forodha, kisha tozo za bandari, kisha nauli na madai mengine. Kikibaki chochote, mwenye mzigo anaweza kukiomba kwa maandishi. Wengi hawaombi, kwa sababu hawajui kwamba kinaweza kubaki.

Hatua ya tisa: Mzigo ukipungua, ukiharibika, na suala likifika mahakamani

Usisaini hati ya kupokea mzigo kabla ya kutazama. Kontena likiwa limebonyea au lakiri imekatwa, andika hivyo kwenye hati ya getini yenyewe, mwite ofisa aweke saini yake kando, piga picha zinazoonyesha namba ya kontena na uharibifu katika fremu moja, na omba ukaguzi wa pamoja kabla lori halijavuka geti. Kontena likishavuka geti bila maandishi hayo, kila mmoja atasema liliharibikia barabarani.

Kesi dhidi ya mamlaka ya umma ina mlango mwembamba. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inayagusa pia mashirika ya umma: lazima utoe notisi ya siku zisizopungua 90, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye aunganishwe katika shauri, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kesi iliyofunguliwa bila kufuata haya huondolewa mahakamani hata kama dai lenyewe ni la haki tupu. Anayedai dhidi ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya kwa mzigo uliopitia Mombasa anakutana na masharti tofauti: notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa Mkurugenzi Mkuu, na shauri lifunguliwe ndani ya miezi 12. Na kama aliyekukosea ni kampuni binafsi inayoendesha kituo, muulize wakili mapema ni nani hasa wa kushitakiwa, kwa kuwa kumshitaki asiye mwenye deni ni kupoteza muda ambao hautarudi.

Katika notisi andika jina lako na anwani, namba ya hati ya shehena, tarehe ya tukio, kilichotokea, kiasi unachodai na jinsi ulivyokifikia, pamoja na nafuu unayoomba. Ipeleke kwa mkono, upate muhuri kwenye nakala zote, na uanze kuhesabu siku 90 kuanzia tarehe iliyo kwenye muhuri huo, si tarehe uliyoiandika juu ya barua.